Konde Lililoachwa Nje ya Bigili

Vijana wa idara, siku mlipoondosha meza yangu kumpisha mwenzenu mpya, mmoja wenu aliniuliza sisi tulikuwa tukipanda mboga vipi kabla ya hali ya hewa kutangazwa redioni. Nilimjibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa nikitafuta miwani yangu. Sasa nimestaafu, miwani nimeipata, na nina wakati wa kumjibu sawasawa. Vyeo sitavieleza. Anayetaka kuvijua na aitazame picha iliyotundikwa kwenye ukumbi wenu. Mimi ni yule wa katikati.

Nilizaliwa Ng'ambo, mjini Unguja, baba yangu akiwa mchukuzi wa mizigo bandarini Malindi. Hakuna aliyenishika mkono. Nilivuka kwenda bara nikiwa kijana, nikaosha masufuria katika jiko la chuo cha kilimo, na usiku nikasoma madaftari ya wanafunzi waliokula katika masufuria hayo, mpaka mwalimu mmoja alipoona kwamba mwosha vyombo anajibu maswali yaliyowashinda walipa karo. Nilirudi Unguja mwanzoni mwa miaka ya hamsini na diploma yangu, nimeikunja ndani ya bomba la bati isiharibiwe na unyevu. Katika mtaa wetu nilikuwa wa kwanza kurudi na kitu kama hicho, na kwa miaka kadhaa nilikuwa wa kwanza na wa mwisho.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali nyeupe na tai. Bwana mkubwa alinipa mkono, akanielekeza kwa Fundi Msa, mwangalizi wa kitalu cha Serikali pembeni mwa mji. Msa alikuwa Mngazija mwenye sauti ya kuadhini na majivuno makubwa, na nasema hivyo mimi, ambaye si mgeni wa jambo hilo.

"Hiyo ndiyo diploma?" aliniuliza akilitazama bomba.

"Naam."

"Nzuri. Itundike kwenye msumari ule, karibu na kofia yangu. Sasa vua saa, utie mkono hapa."

Akanionyesha tuta la miche ya biringani. Nilipiga magoti na suruali yangu nyeupe, nikaingiza mkono mpaka kifundo. Udongo wa juu ulikuwa mbichi, wa chini mkavu kama majivu.

"Unasemaje?"

"Aliyemwagilia hapa ni mvivu. Amerowesha juu tu. Mizizi itapanda juu kufuata maji, na jua la siku moja litaimaliza."

"Mvivu mwenyewe ni mimi," alisema Msa. "Nimekutayarishia tangu jana." Alionekana kuchukia kidogo kwamba nilijibu vizuri. Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki wa kubishana, na kila ninachokijua juu ya miche, ukiondoa nilichokileta mwenyewe, nimekipata kwake: kuipunguzia maji kidogo kidogo kabla ya kuihamisha ili ipate ugumu, kuifunulia kivuli asubuhi kwanza na mchana baadaye, na kuiatika, yaani kuipanda mahali pake pa kudumu, jioni, si asubuhi, ili ipate usiku mzima wa kuzoea kabla ya kuonana na jua. Mkono mpaka kifundo ndicho kipimo changu hadi leo. Naona nyinyi mnatumia chuma chenye saa juu yake. Si vibaya, mradi kikiharibika mkumbuke kwamba mna mikono.

Nilipangiwa pwani ya kusini mashariki, kwenye kijiji kimoja jirani na Bwejuu. Jina lake naliacha, maana wajukuu wa watu hawa wapo na baadhi yao ni wakubwa zenu kazini. Nilikwenda kwa gari la abiria mpaka lilipokubali kwenda, na kutoka hapo kwa baiskeli ya Serikali. Nilichukua kipimamvua cha shaba, jembe, kamba ya kupimia mistari, na mikebe ya mbegu za pilipili, bamia na tungule, ambazo bara nilizoea kusikia zikiitwa nyanya.

Msiofika kule msidhani ni kama mashamba ya Dole au Kizimbani, ambako ukidondosha mbegu unaondoka haraka isije ikakuotea mguuni. Kule ni uwanda wa mawe. Udongo umo mifukoni mwa jabali, hapa vikapu viwili, pale kikapu nusu, na mkulima huujua mfuko mmoja mmoja kama watoto wake. Lakini udongo huo una sifa moja ambayo bwana mkubwa hakuiamini mpaka nilipomwandikia mara mbili. Tungule huoza kwenye bonde masika yakizidi, ilhali kwenye mawe maji hupita na kwenda zake. Ukiweza kuiotesha miche salama na kuitoa kwa wakati wake, unavuna mjini kukiwa hakuna tungule kabisa.

Kwa wakati wake; hapo ndipo penye kazi. Mwisho wa kaskazi mvua haieleweki. Inaweza kushuka mapema kwa kishindo, watu wakafurahi, halafu ikakatika na jua likarudi kali zaidi. Inaweza kuchelewa mpaka watu wakakata tamaa, halafu ikaja yote kwa pamoja. Mimi kila asubuhi nilisoma kipimamvua na kuandika. Siku moja mbuzi aliyanywa maji yote kabla sijafika, nikaandika hivyo hivyo, "Mbuzi amekunywa," na kutoka Mjini nikaulizwa kwa barua alikunywa inchi ngapi.

Watu wa huko hawalimi kila mtu kivyake. Uwanda wote huzungushiwa ukuta mmoja wa mawe yaliyopangwa bila chokaa, wanaouita bigili, kuwazuia nguruwe mwitu. Ndani, kila mtu ana konde lake. Na kila mtu ana kipande chake cha ukuta, kile kinachopakana na konde hilo. Kila mwaka mawe huporomoka hapa na pale, na kabla ya masika kila mmoja huinua kipande chake kwa mkono wake, au mkono wa ndugu yake wa kiume. Pakibaki pengo moja, nguruwe hula vya wote. Kwa hiyo sheria yao ilikuwa fupi: aliyeweka mawe mwaka huu ana konde mwaka huu. Asiyeweka, hana.

Mtu wa kwanza kunisikiliza pale alikuwa Mcha, mvuvi wa pweza mwenye konde la pembeni, upande wa baharini. Alikuwa mkimya, na nilipenda ukimya wake kwa sababu ulinipa nafasi ya kusema. Nilimfundisha kuotesha miche katika makopo matupu ya maziwa yaliyotobolewa chini, akiyapanga uani kwake chini ya kivuli cha makuti, badala ya kuzitupa mbegu kondeni na kuziachia Mungu. Mwaka wa kwanza alipeleka Mjini mapakacha ya tungule wakati wenzake wakiwa bado wanapalilia. Mwaka wa pili, wenzake walianza kunisalimia wao kwanza.

Kaskazi iliyofuata, Mcha alishikwa na homa. Nilimwona siku ya Jumatano akiwa amelala kibarazani, akaniuliza kama nimeleta mbegu. Nilikuwa nimezileta. Akamwita mkewe, Bi Kazija, azipokee. Ijumaa tulimzika. Niliingia kaburini kusaidia kumlaza, kwa sababu nilikuwa mrefu na nilimjua, na nilipotoka mikono yangu ilikuwa na udongo ule ule mwekundu niliokuwa nikimfundishia. Nimefanya kazi miaka mingi na kupewa vyeti vya shukrani na vikombe. Siku ile ndiyo niliyohisi kwamba mimi ni mtu wa kijiji kile.

Bi Kazija alikaa eda. Kwa desturi ya pale, mjane haruki kizingiti mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Hatoki kwenda konde, wala kisimani. Alikuwa mzaliwa wa Kiwengwa, hakuwa na kaka aliye hai, na watoto wake watatu walikuwa wadogo. Wifi yake, Bi Mwaka, ndiye aliyemchotea maji na kumletea habari. Na eda yake ilikuwa imeanza kaskazi, isingeisha ila masika yakiishilia. Yaani wakati wa kuinua bigili, wakati wa kupanda, vyote vingepita yeye yumo ndani.

Nilikwenda kwa sheha, Mzee Pandu. Tulikaa barazani kwake pamoja na wenye makonde wengine, mmoja wao Makame, binamu wa marehemu, ambaye konde lake lilipakana na lile la Mcha.

"Mzee Pandu," nilisema, "kipande cha Mcha kimeanguka, na mkewe yumo edani. Mawe atayawekaje?"

"Hayaweki."

"Basi mtu amwekee."

"Nani? Hana kaka. Na Makame ana kipande chake."

"Nitaweka mimi."

Walicheka wote. Makame akasema, "Bwana Shamba, anayeweka mawe ana konde. Konde unalitaka? Umeshachoka na baiskeli ya Serikali?"

"Silitaki konde. Namsaidia."

"Basi hujaweka jiwe, umecheza na mawe. Wacha mimi nitamtunzia shemeji yangu. Akitoka eda, inshaallah, tutazungumza."

Makame hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba na konde lake lilikuwa mawe matupu, tena alikuwa akisema kweli kuhusu sheria yao. Lakini nilikuwa nimeshaona makonde mawili yaliyotunzwa namna hiyo. Wenyewe walikuwa bado wakizungumza, na makonde hawajarudishiwa. Konde lile ndilo lililowalisha watoto wa Mcha. Pweza alikuwa amekufa naye. Likienda mwaka huu, lilikuwa limekwenda.

Haukupita muda mrefu, mvua ikaja. Ilikuwa mapema kuliko nilivyowahi kuiandika, na ilipiga siku kadhaa mfululizo mpaka njia zikawa vijito. Kijiji kizima kilitoka na majembe. Kilichobaki kwenye bigili kilikuwa pengo la Mcha, na hakuna aliyekuwa na wakati wa kuzunguka kona yote ile. Wakaikata kona. Kutoka ukingo mmoja wa konde lake mpaka mwingine walipanga mawe kwa mstari ulionyooka, yakiwemo mawe ya kipande chake mwenyewe, na konde la Mcha likabaki nje, upande wa nguruwe.

Nilifika Alasiri wakati wakijitayarisha kuatika. Nilitia mkono kwenye mifuko ya udongo, hapa na pale, mbele yao. Juu pabichi, chini pakavu. Upepo ulikuwa bado wa kaskazi. Baada ya sala nilisimama nje ya msikiti.

"Ngojeni," niliwaambia. "Mvua hii haijashuka chini. Mkipanda sasa, mizizi itakaa juu, na jua likirudi mtapoteza miche na mbegu pamoja."

"Tungoje mpaka lini?" aliuliza mmoja. "Mpaka Serikali ituandikie barua?"

Na Makame: "Hebu iambie diploma yako iisimamishe mvua, Bwana Shamba. Ikisimama, na sisi tutasimama."

Walicheka mpaka Mzee Pandu, aliyekuwa akivaa viatu, akaegemea nguzo. Sikucheka. Nilikuwa najua ninachokisema, na hadi leo katika watu waliowahi kupima mvua upande ule sijaona aliyenizidi. Nilipita kwa Bi Mwaka, nikamwambia, "Mwambie wifi yako asitoe hata mche mmoja."

Aliingia ndani, akatoka na jibu.

"Anauliza, autoe aupeleke wapi?"

Nikapanda baiskeli.

Mvua ilikatika kama iliyofungwa kwa kufuli. Jua lilirudi, na mawe ya kule yakipata moto huuweka mpaka usiku, kama tanuri la chokaa. Miche ilisimama siku ya kwanza, ikainama ya pili, halafu ikawa nyuzi. Watu walibeba maji kwa ndoo kutoka visimani, wake kwa waume, wakimwagia mifuko ya udongo mmoja mmoja, na ilikuwa sawa na kuyamwaga baharini. Nilimkuta Makame amechutama kondeni kwake jioni, ameushika mche mkavu kwa vidole viwili. Niliendelea na njia yangu. Mwenye kusema kweli haombwi aikumbushe kwa mtu anayezika.

Mbegu zao zilikuwa zimekwisha. Nilikwenda Mjini kwa Fundi Msa, nikamkuta anachunga mchanga.

"Uliwaambia wasipande?"

"Niliwaambia."

"Kwa maneno gani?"

"Kwa Kiswahili safi, na sababu zake zote."

"Ndiyo maana," alisema Msa. "Sasa unataka nini?"

"Miche ya tungule. Mbegu nikizipata leo, mpaka ziote na kufikia kuatikwa, masika yatakuwa nusu yameshapita."

"Sina. Nina miche ya mikarafuu, na maua ya bibi mkubwa. Watakula maua?" Kisha alilaza chungio chini, akaacha mzaha. "Kule kule kijijini hakuna hata mmoja aliyekusikiliza?"

Nilirudi siku ile ile. Bi Mwaka alinipa habari bila kuulizwa: uani kwa Bi Kazija makopo yalikuwa yamejaa kila pembe, chini ya makuti, mengine juu ya banda la kuku. Mbegu zote nilizompa Mcha siku ile ya homa alizisia yeye, na miche ilikuwa mizima, mirefu kama kiganja, na ameshaanza kuipunguzia maji. Alipopewa sharti la kukaa ndani alilifanyia kazi. Ile mvua ya uongo ilipita juu ya makuti yake, na jua nalo likapita.

Nilimwambia Mzee Pandu. Kabla ya Magharibi kijiji chote kilijua. Kesho yake wanaume walikusanyika nje ya mlango wa Bi Kazija, na mlango ulikuwa umerudishwa kama inavyopasa.

"Assalaam alaykum, Bi Kazija," aliita sheha.

"Waalaykum salaam," ilijibu sauti kutoka ndani. "Nasikia miguu mingi. Kuna maiti mwengine?"

Hapakuwa na aliyecheka.

"Hakuna maiti, mwanangu. Tumekuja kwa haja. Tuna shida ya miche."

Tulisikia kata ikichota maji mtungini, na maji yakimwagwa kidogo kidogo.

"Mimi nina miche, konde sina," alisema. "Nyinyi makonde mnayo, miche hamna."

"Shemeji," alisema Makame, "konde lako nalitunza mimi."

"Unalitunza nje ya ukuta, Makame? Nguruwe ndio umewaweka walinzi?"

Hapo walicheka, hata waliomsaidia kuikata kona. Makame alikasirika. "Kwani miche yenyewe ya nani? Mbegu ni ya Serikali. Na sisi sote watu wa Serikali."

"Bwana Shamba yupo?"

"Naam, Bi Kazija, nipo."

"Mbegu ni ya Serikali?"

Wote walinigeukia. Kwa kanuni za idara, nilipaswa kuandika Mjini na kungoja. Sikungoja. Nilikuwa na diploma, nikaona inatosha. "Mbegu nilimpa Mcha," nilisema kwa sauti iliyofika ndani, "na Mcha alikupa wewe. Aliyeinywesha ni wewe. Serikali haina mche hata mmoja uani kwako."

"Basi," alisema Bi Kazija, "bigili irudi ilipokuwa, na konde la watoto wa Mcha liwe ndani. Mawe kwanza. Kila nyumba itapata miche."

"Na mvua ikija kabla?" aliuliza sheha.

"Itaikuta kwenye makopo."

Walitawanyika wakibishana, na ubishi wenyewe haukuwa wa roho mbaya. Sheria ya bigili waliirithi, na walihofia kwamba wakimwekea mawe mtu mmoja, mwakani kila mvivu atakaa kitako akidai awekewe. Mimi hofu yangu ilikuwa nyingine, na tuliibeba wawili tu, mimi na yule aliyekuwa nyuma ya mlango. Miche ilikuwa imefikia kimo cha kutongoja. Ukiuacha mche kwenye kopo mizizi yake huanza kuzunguka na kujikaba, na ukiatikwa baadaye hudumaa. Wakishikilia neno lao siku chache zaidi, kijiji kisingepata tungule, na Bi Kazija asingepata konde wala cha kupanda. Nilimtumia Bi Mwaka: je, hawezi kulegeza, atoe nusu kwanza? Jibu lilikuja, "Nikilegeza nusu, watarudisha nusu."

Siku ile ile upepo uliacha kaskazi. Nilitia mkono kwenye udongo, nikaangalia mawingu ya kusini, nikampelekea Mzee Pandu habari kwamba hii itakayokuja ndiyo yenyewe. Safari hii hapakuwa na aliyeitaja diploma yangu.

Usiku alikaa na wenye makonde. Sikualikwa, niliambiwa baadaye na sheha mwenyewe. Alfajiri, baada ya sala, aliwaambia watu nje ya msikiti: "Hatumwekei mtu mawe. Mawe ya Mcha tuliyachukua kupanga ule mstari. Tunayarudisha tulikoyatoa. Anayerudisha kitu hajaweka." Kisha akatangulia. Hukumu ile niliisikia nikiwa na diploma ya kilimo, nikajua kwamba ya sheria kuna mwingine anayo.

Walibomoa mstari wakaanza kuzunguka konde la Mcha. Mvua iliwakuta katikati ya kazi, nzito na ya baridi, na hawakuacha. Mawe ya kule yana meno. Mikono ilichanika, damu ikaoshwa na maji kabla mtu hajaiona. Makame alifanya kazi kwenye kona, karibu na konde lake. Mimi nilisimama na kamba yangu kuonyesha mstari wa zamani, kwa sababu jiwe sikuruhusiwa kugusa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba.

Adhuhuri bigili ilifungwa. Jioni, mvua ikiwa imepungua, Bi Mwaka alisimama mlangoni kwa wifi yake akitoa makopo nyumba kwa nyumba, na ndani sauti ilikuwa ikimwambia ni ya nani na miche iatikwe vipi. Makame hakuja. Bi Kazija aliagiza apelekewe yake. Wanawake waliatika konde la Mcha kabla mvua ya usiku haijaanza, na nilipopita asubuhi kutia mkono, udongo ulikuwa mbichi mpaka kifundo na zaidi. Nilisema Alhamdulillahi peke yangu pale, kwa sauti.

Nimewaeleza haya mpate jibu la yule aliyeniuliza. Hali ya hewa hatukuijua kuliko nyinyi. Tuliweka miche mahali ambapo mvua ikikosea haitaifikia, na tukaangalia ukuta unapita wapi na nani ameachwa nje. Kosa la mvua mtalisamehewa na wakubwa wenu. La ukuta halimo kwenye ripoti, kwa hiyo litazameni wenyewe.

Bi Kazija alitoka eda masika yakiishilia. Wanawake walimwogesha, wakamvisha nguo mpya, na asubuhi wakamsindikiza konde kwa vigelegele vidogo, maana msiba bado ulikuwa msiba. Wenye makonde wote tulikuwepo. Tungule zilikuwa zimeshika, za kijani, zikining'inia juu ya mawe. Nilitazamia atakwenda kwenye tungule. Hakwenda. Alipita moja kwa moja hadi kwenye bigili, akaanza kutembea kando ya kipande chake kutoka mwanzo, akikigusa kwa mkono, akisukuma jiwe hapa, akitikisa jiwe pale, bila haraka, nasi tukimfuata nyuma kama watu wanaofuata jeneza. Kwenye kona, alipofanya kazi Makame, jiwe moja lilicheza. Alilisukuma tena, likaanguka, na mawili ya juu yake yakafuata. Tuliliona pengo sote.

Alimgeukia Makame.

"Hapa nguruwe anapita," alisema. "Rudia."

Makame alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama Mzee Pandu. Kisha alikunja mikono ya kanzu yake, akainama, akaokota jiwe la kwanza.